Kisa cha MRX34: ni nini kiliuamsha mfumo wa kinga?

Septemba 2016, kampuni ya Mirna Therapeutics yenye makao yake Austin, Texas, ilitangaza kusimamisha jaribio la MRX34. Hiyo ilikuwa dawa ya kwanza ya aina yake kumfikia mgonjwa wa saratani: nakala ya mikroRNA (RNA fupi inayodhibiti kazi ya jeni) iliyotengenezwa maabara, ikafungwa ndani ya kifuko cha lipidi, yaani mafuta, na kuingizwa mwilini kwa dripu. Sababu ya kusimamisha ilikuwa nzito. Wagonjwa watano walipata madhara makali yaliyotokana na mfumo wa kinga, na wagonjwa wanne walifariki kutokana na madhara ya aina hiyo. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ikaweka zuio. Jaribio la pili, lililopangwa kwa wagonjwa wa melanoma, aina ya saratani ya ngozi, likafutwa kabla ya kuanza. Mwaka uliofuata kampuni ikaungana na Synlogic, ambayo shughuli yake ilikuwa bakteria waliobadilishwa kijenetiki, na MRX34 ikabaki kwenye makabrasha.

Tangu hapo kisa hiki husimuliwa kwa namna mbili. Wapo wanaosema mikroRNA zilipewa nafasi yao na zikashindwa. Wapo wanaosema mikroRNA haikuwa na kosa lolote, ila mbebaji wake ndiye aliyeharibu. Kwa maoni yangu pande zote mbili zinadai zaidi ya kile ushahidi unachoweza kubeba. Jaribio la MRX34 lilijengwa kwa namna ambayo, likianguka, lisingeweza kusema ni kitu gani kimeliangusha. Hilo ndilo linalokifanya kisa hiki kistahili kuchambuliwa polepole, na ndilo linaloipa maana kazi inayofanywa sasa na Andrea Kasinski, mwanabiolojia wa molekuli wa Chuo Kikuu cha Purdue, Indiana.

Kwa nini molekuli hii

Jeni ikisomwa hutoa RNA mjumbe, na ujumbe huo hutafsiriwa kuwa protini. MikroRNA huingilia katikati. Ni RNA fupi sana. MiR-34a, ile ambayo MRX34 ilikuwa nakala yake, ina herufi 22 tu, yaani vijenzi 22 vya kikemia. Hukaa ndani ya protini iitwayo Agonauti na kuiongoza hadi kwenye RNA mjumbe zenye herufi zinazooana na zake, kisha ujumbe huo huzuiwa kutafsiriwa au huvunjwa kabisa. Si lazima herufi zote zioane. Mara nyingi saba hivi za karibu na mwanzo hutosha, na ndiyo maana mikroRNA moja inaweza kugusa mamia ya jeni kwa pamoja.

Victor Ambros na Gary Ruvkun waliufichua utaratibu huu mwaka 1993 kwa kumchunguza mnyoo mdogo C. elegans, kazi iliyowapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2024. Uhusiano wake na saratani ulianza kuonekana mwaka 2002, pale kundi la Carlo Croce lilipoonyesha kwamba kipande cha kromosomu ya 13 ambacho hupotea mara kwa mara kwa wagonjwa wa lukemia sugu ya limfosaiti kina mikroRNA mbili, miR-15 na miR-16.

Halafu ukaja mwaka 2007. Maabara kadhaa, miongoni mwake ya Greg Hannon pale Cold Spring Harbor na ya Joshua Mendell pale Johns Hopkins, zilitoa takriban kwa pamoja matokeo yanayofanana: p53 ikiamka, kiwango cha miR-34a hupanda. Kwa mtafiti wa saratani habari hiyo ilikuwa tamu. Protini ya p53 ndiyo inayoiamuru seli iliyoharibika isimame au ijiue, na jeni yake imebadilika katika karibu nusu ya saratani za binadamu. Jeni ya miR-34a nayo iko kwenye kromosomu ya 1, katika eneo la 1p36 linalopotea mara nyingi katika nyuroblastoma, saratani ya watoto. Na ukitazama jeni inazozishusha, MYC, BCL2, CDK6, MET, unaona kama mtu ameandika orodha ya maadui wa mtaalamu wa saratani. Dawa moja ikipiga wote hao kwa pamoja, uvimbe utatorokea wapi?

Hoja iliyouzwa kwa wawekezaji na kwa madaktari ilikuwa ya kurejesha kilichopotea: uvimbe umepoteza miR-34a, basi tuirudishe. Hapa ndipo ninapoanza kusita. Mwaka 2012 kundi la Andrea Ventura, New York, lilichapisha matokeo ya panya walioondolewa familia yote ya miR-34, yaani a, b na c. Panya hao hawakujaa uvimbe, na p53 yao iliendelea kufanya kazi yake vizuri. Kama miR-34 ingekuwa mlinzi asiye na mbadala, panya hao wangeonyesha.

Je, hilo linaiua hoja ya dawa? Haliiui. Mwaka huohuo wa 2012 Kasinski, akiwa bado katika maabara ya Frank Slack pale Yale, alionyesha kwamba panya waliopandikiziwa kasoro za p53 na za K-ras, jeni inayoisukuma seli kugawanyika, wakipewa miR-34 ya ziada hupata uvimbe mchache wa mapafu, na uvimbe uliokwisha kuanza hupunguza kasi. Molekuli inaweza kutibu hata kama kukosekana kwake peke yake hakuleti ugonjwa. Lakini hapo jina la kazi hubadilika. Hatuko tena katika kurejesha kiwango cha kawaida. Tuko katika kuimwaga molekuli kwa wingi ambao seli haijawahi kuuona, ndani ya uvimbe na nje yake, tukitaraji kwamba seli zenye afya zitaustahimili vizuri kuliko seli za saratani. Neno «kurejesha» lilificha tofauti hiyo. Anayerejesha haoni sababu ya kuhofia seli ambazo hazijapungukiwa.

Mgonjwa alipewa nini hasa

Jaribio lilianza mwaka 2013 na lilihusisha hospitali za Marekani na Korea Kusini. Lilikuwa jaribio la awamu ya kwanza: hakuna kundi la kulinganisha, dozi hupandishwa ngazi kwa ngazi, na lengo ni kujua kiasi ambacho mwili unaweza kukivumilia. Waliosajiliwa walikuwa 85, wote wakiwa na saratani zilizokwisha kusambaa au zisizosikia tena matibabu ya kawaida. Saratani ya ini ilipewa nafasi ya pekee tangu mwanzo.

Ini lilichaguliwa kwa sababu ya mbebaji. Kifuko cha MRX34 kilikuwa liposomu ya upana wa nanomita mia moja na ushee, iliyotengenezwa kwa lipidi zinazobadili chaji kulingana na asidi ya mazingira. Katika damu kifuko kina chaji hasi, hivyo haking'ang'anii kuta za mishipa. Kikimezwa na seli na kuingia kwenye kijumba chenye asidi, endosomu, hugeuka kuwa na chaji chanya, na hapo hutarajiwa kupasua ukuta na kuutoa mzigo wake. Wazo ni zuri. Shida ni kwamba chembe za ukubwa huo hazichagui uvimbe. Huokotwa na viungo ambavyo kazi yao ya kila siku ni kuchuja damu: ini, wengu, uboho. Na ndani ya viungo hivyo waokotaji hodari ni makrofeji, ambao ni askari wa kinga. Kwa hiyo kabla hata ya kuuliza kama dawa ilifika kwenye saratani, tunajua kwamba ilifika kwa wale ambao tusingependa kuwachokoza.

Sasa tazama dozi. Mwanzoni dawa ilitolewa mara mbili kwa wiki. Baadaye ratiba ikabadilishwa: siku tano mfululizo, kisha mapumziko, katika mzunguko wa siku 21. Kiwango kilichopendekezwa mwishoni kwa ratiba hiyo kilikuwa 70 mg kwa kila mita ya mraba ya eneo la nje la mwili kwa wagonjwa wa saratani ya ini, na 93 kwa wengine. Mtu mwenye mita za mraba 1.8 anapata 126 mg kwa siku, yaani 630 mg katika siku tano. Patisiran, dawa ya RNA fupi iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018 kwa ugonjwa wa kurithi wa neva na inayobebwa pia na chembe za lipidi, hutolewa 0.3 mg kwa kilo kila wiki tatu. Kwa mtu wa kilo 70 hiyo ni 21 mg. Dawa hizi mbili zina shabaha tofauti na mbebaji tofauti, kwa hiyo nisibanwe kwa hesabu hiyo. Lakini pengo la mara thelathini katika wiki tatu zilezile si jambo la kupita ukiinamisha kichwa.

Kila mgonjwa alitanguliziwa deksamethasoni, steroidi inayotuliza kinga, ili aweze kuvumilia dripu. Hata hivyo asilimia 72 walipata homa, asilimia 53 wakatetemeka kwa baridi, asilimia 51 wakachoka, na zaidi ya theluthi wakaumwa mgongo au shingo. Madaktari waliandika kwamba kwa wengi madhara hayo yalidhibitika, na sina sababu ya kuwapinga. Ila homa na mtetemeko vikitokea juu ya steroidi vinasema kwamba kinga imeamka na imefunikwa tu. Deksamethasoni ilifanya dozi ipande zaidi ya pale ambapo mwili peke yake ungesema basi. Ikafanya pia iwe vigumu kujua ni nani kati ya wagonjwa aliye karibu na ukingo.

Upande wa manufaa, wagonjwa watatu uvimbe wao ulipungua kwa kiwango kinachohesabika kuwa mwitikio, na 16 ugonjwa wao ulisimama kwa mizunguko minne au zaidi. Mmoja wa saratani ya ini mwitikio wake ulidumu wiki 48. Katika awamu ya kwanza, kwa watu ambao tiba nyingine zimewaishia, watatu si sifuri. Si hoja ya kuendelea kwa bei ya vifo vinne pia.

Washukiwa watatu

Kitu gani hasa kiliamsha kinga? Washukiwa ni watatu, na nitawachukua kwa uzito usio sawa kwa sababu ndivyo ushahidi ulivyo.

Lipidi yenyewe ndiyo inayotajwa zaidi. Liposomu zinajulikana kuleta homa na mitikisiko ya dripu, na waliotaka kuiokoa mikroRNA walipenda sana jibu hili. Ni jibu linaloaminika, lakini kulithibitisha kungehitaji kuwapa watu vifuko vitupu, jambo ambalo huwezi kumfanyia mgonjwa wa saratani iliyoenea. Kwa hiyo linabaki dhana nzuri.

Mshukiwa wa pili ni RNA kama RNA, bila kujali imeandikwa nini. Mwili una vipokezi, TLR3, TLR7 na TLR8, ambavyo hukaa ndani ya endosomu vikisubiri RNA ngeni kwa sababu hivyo ndivyo virusi huingia. MRX34 ilikuwa RNA ya nyuzi mbili, na njia yake ya kuingia ilikuwa endosomu hizohizo. Dawa nyingine za RNA hukwepa vipokezi hivyo kwa kubadilisha kikemia herufi moja moja. Kazi ya Katalin Karikó na Drew Weissman ya mwaka 2005, iliyofungua njia ya chanjo za mRNA, ilihusu jambo hilohilo. RNA isiyobadilishwa vya kutosha ina kasoro mbili zinazolishana: huvunjwa upesi na vimeng'enya, na hujitambulisha kwa kinga kuwa ni ngeni. Ikivunjwa upesi, utaongeza dozi. Ukiongeza dozi, utaongeza kelele. Ratiba ya siku tano mfululizo naisoma kwa jicho hilo.

Wa tatu hatajwi sana, nami naona anastahili kutajwa zaidi. Huenda ni miR-34a yenyewe, ikifanya kazi yake halisi mahali pasipofaa. Ripoti ya jaribio inaeleza kwa fahari, na kwa haki, kwamba jeni lengwa zilishuka katika seli nyeupe za damu kadiri dozi ilivyopanda. Seli nyeupe zilitumika kama dirisha kwa sababu kuchukua damu ni rahisi kuliko kukata kipande cha uvimbe. Lakini soma sentensi hiyo mara ya pili: dawa ilikuwa ikibadilisha kazi ya jeni ndani ya seli za kinga, kwa kiasi kinachofuata dozi, na wagonjwa wakafa kwa madhara ya kinga. Kilichowekwa kwenye safu ya mafanikio kingeweza kuwekwa kwenye safu ya onyo. Utafiti uliofuata umeonyesha kwamba miR-34a hugusa jeni za njia ya NF-κB ndani ya seli T, njia inayoongoza uchochezi. Na mwaka 2015 ilikwisha kuonyeshwa kwamba miR-34a hushusha PD-L1, protini ambayo uvimbe huitumia kuzinyamazisha seli T. Wakati ule hilo lilipokewa kama baraka: dawa itaua saratani na kuondoa breki ya kinga kwa mpigo mmoja. Dawa zinazoondoa breki hiyo kwa makusudi zina madhara ya kinga yanayojulikana vizuri, na hutolewa zikiwa na mwongozo wa kuyatambua mapema. Sisemi ndivyo ilivyotokea kwa MRX34. Nasema mwenye molekuli ya namna hiyo mkononi asishangae kinga ikiamka.

Majaribio ya wanyama hayakutoa onyo lililotosha. Panya wa saratani mara nyingi ni wale walioondolewa sehemu ya kinga ili wapokee uvimbe wa binadamu, na hata panya mwenye kinga kamili mpangilio wa vipokezi vyake si wetu. TLR8, kwa mfano, haifanyi kazi kwa panya kama inavyofanya kwa mtu.

Purdue: kuyatenganisha maswali

Kazi ya Kasinski inanivutia kwa sababu inachukua washukiwa mmoja mmoja. Hatua ya kwanza, iliyochapishwa mwaka 2017, ilikuwa kumwondoa mbebaji kabisa. Badala ya kifuko, miR-34a iliunganishwa moja kwa moja na folati, vitamini ambayo seli nyingi za saratani huifuata kwa pupa na kwa hiyo hujaza vipokezi vyake juu ya ngozi yao. Hakuna lipidi wala chembe ya nanomita mia. Ni molekuli ndogo inayoingia pale tu penye mlango wake. Katika panya wenye saratani ya mapafu ilifanya kazi bila kifuko chochote. Lipidi ikawa imetolewa kwenye mlinganyo.

Hatua ya pili ilimlenga mshukiwa wa pili. Ripoti iliyotoka katika jarida la Oncogene inaelezea miR-34a ambayo herufi zake zote zimebadilishwa kikemia. Ilidumu zaidi ya mara 400 kuliko toleo lililobadilishwa kwa sehemu, na bado ikakubaliwa na Agonauti. Hilo la mwisho si dogo: ukibadilisha herufi ovyo, Agonauti huikataa na unabaki na kitu kinachodumu milele bila kufanya lolote. Ikiunganishwa na folati, ilizuia uvimbe kukua kwa panya, na kwa baadhi yao uvimbe ulitoweka kabisa.

Ikidumu, dozi inaweza kushuka na nafasi kati ya dozi ikarefuka. Kwangu hiyo ndiyo faida kubwa kuliko ile ya panya waliopona, kwa sababu panya walipona hata enzi za MRX34.

Yaliyobaki ni magumu. Vipokezi vya folati haviko kwenye saratani peke yake. Figo inavyo, kwa ajili ya kuirudisha folati mwilini isipotee kwenye mkojo, na aina yake nyingine, beta, imo kwenye makrofeji waliochangamka. Makrofeji tena. Huenda idadi itakayoingia humo ikawa ndogo kuliko ile ya liposomu, lakini mlango upo. Pia kutoka endosomu bado ni tatizo la fani nzima: sehemu kubwa ya RNA inayomezwa na seli hufia humo humo bila kuiona Agonauti. Na mshukiwa wa tatu hajaguswa kabisa na kemia hii; kama miR-34a ndani ya seli ya kinga ni hatari, basi miR-34a inayodumu mara 400 ndani ya seli hiyo ni hatari zaidi.

Ndiyo sababu ningetaka jaribio lijalo la binadamu lipangwe tofauti hata kama molekuli imeboreshwa. Viashiria vya uchochezi vipimwe kwa wagonjwa wa dozi za chini kabisa kabla steroidi haijaingia, ili tuone sura halisi ya mwitikio. Kipimo cha kazi ya dawa kitoke kwenye kipande cha uvimbe, na seli nyeupe zihesabiwe upande wa usalama. MRX34 ilipoleta shida, angalau ilikuwa inavunjika upesi. Daktari aliyeondoa dripu alijua kwamba baada ya muda si mrefu dawa itakuwa imekwisha. Kwa hii mpya hana hakika hiyo. Kwa hiyo wagonjwa wa mwanzo hawana budi kudungwa mmoja baada ya mwingine, na muda wa kusubiri kabla ya kumwita anayefuata upangwe kwa kufuata uhai wa molekuli yenyewe, si kwa mzunguko wa siku 21 uliorithiwa kutoka jaribio lililotangulia.